Mechi 31 za ushindi, ubingwa hakuna: msimu wa 2008–09 wa Hasheem Thabeet

Mtu aliyezoea Ligi Kuu ukimwambia kwamba timu ya Chuo Kikuu cha Connecticut ilishinda mechi 31 na kupoteza 5 katika msimu wa 2008–09, atakuuliza: basi walichukua ubingwa? Hawakuchukua. Ubingwa wa taifa ulikwenda Chuo Kikuu cha North Carolina. Ligi yao ya Big East iliongozwa na Louisville, na mashindano ya mtoano ya ligi hiyo hiyo nayo yakachukuliwa na Louisville. Hata hivyo, ndani ya Februari na Machi mwaka ule, Connecticut, au UConn kama wenyewe wanavyoiita, ilishika nambari moja Marekani nzima kwa nyakati mbili tofauti. Aliyesimama chini ya ringi yao alikuwa kijana wa Dar es Salaam mwenye urefu wa mita 2.21.

Hasheem Thabeet tunamkumbuka zaidi kwa yaliyofuata. Mtanzania wa kwanza kucheza NBA, mchezaji wa pili kuchaguliwa katika drafti ya 2009, siku timu za NBA zinapogawana wachezaji wapya kwa zamu, kisha miaka ya benchi na maneno mengi ya kumbeza. Msimu uliomfikisha pale hauzungumzwi, na sababu moja ni kwamba mpira wa kikapu wa vyuo vya Marekani una mpangilio unaomchanganya yeyote aliyekulia kwenye msimamo wa ligi wenye pointi tatu kwa ushindi. Mimi naamini alichofanya Thabeet miezi ile mitano ni miongoni mwa kazi kubwa kabisa zilizowahi kufanywa na mwanamichezo wa Afrika Mashariki nje ya riadha. Ili ukubwa wake uonekane, mfumo wenyewe ufumuliwe kwanza.

Vyuo hivi havichezi ligi moja. NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo, kilikuwa na timu za wanaume zaidi ya 330 katika daraja lake la juu msimu ule. Timu zote hizo haziwezi kukutana nyumbani na ugenini kati ya Novemba na Machi, kwa hiyo zimegawanywa katika ligi zaidi ya 30, nyingine zenye vyuo vinane tu. Big East ya wakati ule ilikuwa na vyuo 16. Novemba na Desemba kila timu hujitafutia mechi za nje ya ligi yake. Januari ligi hushika kasi, na atakayeongoza msimamo ndiye bingwa wa msimu wa kawaida. Lakini mambo hayaishii hapo. Mwanzoni mwa Machi ligi hiyo hiyo huziita timu zake katika ukumbi mmoja, zikachujana kwa mtoano kwa siku chache, na akapatikana bingwa mwingine. Ligi moja, mabingwa wawili, na huyu wa pili ndiye anayepata tiketi ya moja kwa moja ya kwenda kwenye mashindano ya taifa. Msimu ule ni ligi moja tu, ile ya vyuo vya kale vya kaskazini mashariki iitwayo Ivy League, iliyokuwa ikimpeleka kiongozi wa msimamo bila mtoano.

Pembeni ya haya yote kuna kura. Kila wiki waandishi wa habari za michezo huorodhesha timu 25 wanazoziona bora, na shirika la habari la Associated Press hujumlisha kura zao. Makocha nao wana kura yao. Kura hizi hazitoi kombe wala pointi, ila ndizo zinazoamua nani anaitwa nambari moja kila Jumatatu, na kila kocha anajua timu yake iko wapi. Msimu wa 2008–09 ulianza kwa jambo ambalo halijawahi kutokea kabla: waandishi wote, bila hata mmoja kutofautiana, waliipa North Carolina nafasi ya kwanza kabla ya mpira kurushwa. Kocha Roy Williams alikuwa amerudi na Tyler Hansbrough, mchezaji bora wa taifa wa mwaka uliotangulia, pamoja na Ty Lawson, Wayne Ellington na Danny Green, ambao wangeweza kwenda kutafuta pesa NBA lakini wakaamua kubaki mwaka mmoja zaidi.

Januari North Carolina wakafungwa na Boston College, tena nyumbani, halafu na Wake Forest, na kiti cha juu kikawa hakikaliki. Pittsburgh walikaa hapo kwa mara ya kwanza katika historia yao. Wakaja Wake Forest, wakaja Duke. Februari ikawa zamu ya UConn.

Thabeet hakuwa mtu aliyezaliwa na mpira wa kikapu mkononi. Alianza kuucheza Dar es Salaam akiwa na umri wa miaka kama 15, akapitia Makongo, akaenda kumalizia sekondari Houston, Texas, na 2006 akajiunga na UConn chini ya kocha Jim Calhoun, aliyekwishachukua ubingwa wa taifa mara mbili, 1999 na 2004. Mwaka wa kwanza Thabeet alikuwa na wastani wa pointi 6.2 kwa mechi. Wa pili, 10.5. Wa tatu, ndio huu tunaouzungumzia, pointi 13.6, ribaundi (mipira iliyodakwa baada ya mtupo kukosa) 10.8 na mitupo 4.2 aliyoizuia kila mechi. Makocha wa vyuo walimpa tuzo ya mlinzi bora wa taifa kwa mwaka wa pili mfululizo.

Hiyo takwimu ya mitupo 4.2 inahitaji maelezo, kwa sababu ndiyo iliyokuwa roho ya timu. Mtupo uliozuiwa huhesabiwa pale mlinzi anapougusa mpira ukiwa bado unapanda. Kisichohesabiwa ni kile ulichokuwa ukikiona ukitazama mechi zile: kijana wa pembeni anampita mlinzi wake, anaingia kwenye eneo lililopakwa rangi, anainua macho, anamwona Thabeet, na mguu unasita. Mara nyingine anaupeleka mpira juu zaidi ya alivyozoea, unagonga ubao na kurudi. Mara nyingine anageuka na kuutoa mpira nje, na zile sekunde 35 ambazo timu ya chuo ilipewa kushambulia zinakuwa zimeshakatika. Hakuna karatasi ya takwimu ya 2009 iliyoandika hayo. Kwa kuwa nyuma kulikuwa na mtu huyo, walinzi wa pembeni wa UConn, A.J. Price na wenzake, waliweza kumbana mwenye mpira karibu kabisa bila hofu ya kupitwa, maana aliyepitwa alijua mpinzani anakokwenda hakuna njia.

Sheria za vyuo nazo zilimfaa. Huko mlinzi anaruhusiwa kusimama chini ya ringi muda wote anaotaka. NBA hairuhusu. Tangu msimu wa 2001–02 mlinzi wa NBA ambaye hamkabi mtu kwa karibu hawezi kukaa ndani ya eneo lile zaidi ya sekunde tatu, akizidisha timu yake inaadhibiwa. Na mstari wa pointi tatu wa vyuo ulikuwa karibu. Msimu huo huo wa 2008–09 ndio uliosogezwa nyuma, kutoka mita 6.02 hadi mita 6.32, lakini ule wa NBA uko mita 7.24 kwa sehemu kubwa ya mzingo wake. Maana yake, mchezaji mrefu wa chuo alikuwa na uwanja mdogo wa kuulinda na ruhusa ya kukaa katikati yake. Nalisema hili mapema kwa sababu linaeleza mengi ya baadaye kuliko maneno ya watu kwamba kijana alivimba kichwa.

Katika ushindi dhidi ya Providence alifikisha tarakimu mbili katika mambo matatu kwa mpigo: pointi 15, ribaundi 11, mitupo 10 iliyozuiwa. Wachezaji wengi hufikisha tarakimu mbili kwa pointi, ribaundi na pasi za mwisho. Kufikisha kwa mitupo uliyoizuia ni jambo la nadra mno. Katikati ya Februari, dhidi ya Seton Hall, alipata pointi 25 na ribaundi 20, akazuia mitupo 9.

Halafu ikaja Februari 16, siku aliyotimiza miaka 22.

Pittsburgh walikwenda Hartford kucheza na UConn, wakati huo nambari moja. Katikati ya Pittsburgh alikuwepo DeJuan Blair, kijana wa mji huo huo wa Pittsburgh, urefu mita 2.01 tu, mpana wa mabega na mzito wa nyonga. Tofauti yao ilikuwa sentimita 20. Mapema katika mechi waligombea ribaundi, mikono yao ikanasana, Blair akainama kidogo, na Thabeet akapita juu ya mgongo wa mwenzake na kuanguka sakafuni kwa bega. Picha ile ilizunguka Marekani nzima. Blair alimaliza na pointi 22 na ribaundi 23, Thabeet pointi 5 na ribaundi 4. Pittsburgh walishinda 76–68, na kabla ya siku hiyo hawakuwahi kumfunga nambari moja wa taifa.

Blair alikuwa ameonyesha wazi kwamba urefu bila uzito wa chini unaweza kusukumwa. Chini ya ringi mchezaji hupigania kwanza nafasi kwa makalio na mapaja, ndipo huruka. Aliyefika kwanza na kukaa chini hasukumiki, na mrefu aliye nyuma yake hata akiruka anaruka nje ya mpira. Wasaka vipaji wa NBA waliliandika hilo. Lakini tuwe waadilifu: mwisho wa msimu, makocha wa Big East walipomchagua mchezaji bora wa ligi iliyokuwa ngumu kuliko zote, waliwachagua wawili kwa pamoja, Blair na Thabeet. Kilichotokea Hartford walikijua vizuri kuliko sisi.

UConn walikuwa na pigo jingine. Siku tano kabla ya mechi hiyo Jerome Dyson, mmoja wa wafungaji wao wakuu, aliumia goti na msimu wake ukaishia hapo. Nafasi yake ikaanza kujazwa zaidi na kijana wa mwaka wa kwanza kutoka Bronx, New York, aitwaye Kemba Walker. Jina hilo tutalirudia.

Machi 12, Madison Square Garden, New York, robo fainali ya mashindano ya Big East. UConn na Syracuse. Mechi ya vyuo ilikuwa na vipindi viwili vya dakika 20, na ikiisha sare huongezwa dakika tano. Ikiwa bado sare, tano nyingine, na kuendelea. Zikiwa zimebaki sekunde 1.1, Walker alisawazisha ikawa 71–71. Syracuse wakarusha mpira mrefu, Eric Devendorf akaunasa na kutupa papo hapo, ukaingia, taa ikawaka. Devendorf akapanda juu ya meza ya waamuzi wa pembeni kushangilia. Waamuzi wakaenda kwenye televisheni ndogo, wakarudisha picha nyuma, wakaona kwamba taa ilipowaka mpira ulikuwa bado umeshika ncha za vidole vyake. Kikapu kikafutwa.

Zikafuata dakika tano, na tano, na tano. Nyongeza sita. Katika zile tano za mwanzo Syracuse hawakuongoza hata mara moja, kila mara wao ndio waliokuwa wakikimbilia kusawazisha. Wachezaji wanane walitolewa kwa kufikisha faulo tano, Thabeet akiwa miongoni mwao baada ya pointi 19, ribaundi 14 na mitupo 6 aliyoizuia. Jonny Flynn wa Syracuse alicheza dakika 67 kati ya 70. Nyongeza ya sita ilianza ikiwa 110–110, na hapo ndipo Syracuse waliposhika uongozi wasiuachie tena. 127–117. New York ilikuwa saa 7:22 usiku. Dar es Salaam ilikuwa saa 2:22 asubuhi ya Ijumaa, watu wameshafika kazini.

Mechi hii bado huwekwa na wengi juu ya mechi zote za vyuo, na nakubaliana nao. Kwa UConn, kwa hesabu za mfumo, kipigo kile hakikuwagharimu karibu chochote. Kinyume chake kilikuwa kimetokea siku chache tu kabla, katika jimbo la Tennessee.

Stephen Curry alikuwa mwaka wa tatu Davidson, chuo kidogo katika jimbo la North Carolina. Ndiye aliyeongoza taifa zima kwa ufungaji, wastani wa pointi 28.6, na Davidson walishinda mechi 18 kati ya 20 za ligi yao, Southern Conference. Mwaka uliotangulia walikuwa wamefika robo fainali ya taifa. Lakini katika nusu fainali ya mashindano ya ligi yao walifungwa na College of Charleston, na mlango ukafungwa. Tiketi ikachukuliwa na Chattanooga, timu iliyokuwa na mechi za kushinda na za kushindwa karibu sawa kwa sawa, ila ilishinda siku zilizohitajika, tena mashindano yakiwa yamefanyika ukumbini kwake.

Ili kuelewa kwa nini mmoja alisamehewa na mwingine hakusamehewa, tazama jinsi nafasi zilivyogawanywa. Mashindano ya taifa ya 2009 yalikuwa na timu 65. Nafasi 31 zilikuwa za mabingwa wa ligi. Zilizobaki, 34, zilitolewa na kamati ya watu kumi iliyojifungia na kuchagua kwa busara yake. Chombo chake kikubwa wakati ule kilikuwa kipimo kiitwacho RPI: robo ya alama ilitokana na asilimia ya mechi ulizoshinda wewe, nusu ilitokana na asilimia za wapinzani wako, na robo ya mwisho ilitokana na wapinzani wa wapinzani wako. Ukiisoma vizuri hesabu hiyo utaona kwamba robo tatu ya sifa yako iko mikononi mwa watu wengine. Aliye katika ligi yenye wababe anapanda hata akifungwa, na aliye katika ligi ya vyuo vidogo anavutwa chini hata akishinda. Davidson waliachwa, wakapelekwa NIT, mashindano ya wale walioachwa. Big East ilipata nafasi saba. Sioni kwamba hilo lilikuwa haki kwa Curry na wenzake, ingawa naelewa kamati ilivyofika pale. Kipimo hicho kilikuja kuondolewa 2018.

Kamati hiyo hiyo huzipanga timu katika kanda nne, kila kanda kuanzia nambari 1 hadi 16, na wa kwanza hukutana na wa 16. Jumapili ya Machi 15 walipotangaza, tatu kati ya nambari moja nne zilitoka Big East: Louisville, Pittsburgh na UConn. Hakuna ligi iliyowahi kupata tatu kabla ya hapo. Ya nne ilikuwa North Carolina. Na nambari 16 aliyepewa UConn alikuwa nani? Chattanooga.

Mechi ilichezwa Philadelphia. Kocha Calhoun aliugua siku hiyo akawa hospitali, msaidizi wake George Blaney akaongoza benchi. UConn 103, Chattanooga 47. Kwa hiyo ile nafasi ambayo mfungaji hatari kuliko wote nchini aliikosa kwa usiku mmoja mbaya, iliishia hivyo, tofauti ya pointi 56. Texas A&M wakafuata, 92–66. Kanda ikahamia Glendale, Arizona: Purdue wakafungwa 72–60, Missouri 82–75. UConn wakawa katika Nne Bora, yaani nusu fainali ya taifa.

Kwingineko Villanova, nao wa Big East, waliwatoa Pittsburgh 78–76 kwa kikapu cha Scottie Reynolds ikiwa imebaki nusu sekunde. Blair na ribaundi zake akarudi nyumbani. Louisville walitolewa na Michigan State. North Carolina walimtoa Blake Griffin na Oklahoma yake.

Nne Bora ya 2009 ilichezwa Ford Field, Detroit, uwanja wa futibo ya Kimarekani uliotandikwa sakafu ya mbao katikati, watazamaji zaidi ya 72,000. Detroit ilikuwa katika hali ngumu kuliko miaka mingi iliyotangulia. Viwanda vya magari vilikuwa vinayumba, Chrysler ingeomba ulinzi wa kufilisika mwisho wa Aprili na General Motors Juni, na jimbo la Michigan lilikuwa na ukosefu wa ajira mkubwa kuliko jimbo lolote. Wapinzani wa UConn, Michigan State, wanatoka East Lansing, mwendo wa gari usiofika saa mbili. Kwenye karatasi uwanja ule ulikuwa wa kati, usio wa mtu. Masikioni ulikuwa ugenini kwa UConn.

Jumamosi, Aprili 4, kocha Tom Izzo aliijibu ngome ya Thabeet kwa mbio. Michigan State walipopata ribaundi hawakumsubiri arudi chini ya ringi yake. Walipiga mbele mara moja, wakabadilisha wachezaji kwa wingi ili miguu ibaki mibichi. Mzuiaji bora wa taifa anazuia akiwa amefika. Akiwa bado anavuka nusu ya uwanja, hana tofauti na mtazamaji. Kalin Lucas alifunga 21. Thabeet alipata pointi 17 na ribaundi 6. Michigan State 82, UConn 73. Siku mbili baadaye North Carolina waliwachapa Michigan State 89–72 katika fainali, mapumziko yakiwa 55–34. Lawson alipora mipira minane, rekodi ya fainali. North Carolina walikuwa wameshinda mechi zao zote sita za mashindano kwa tofauti ya pointi 12 au zaidi, na kwa hilo sina ubishi kwamba walikuwa bora kuliko wote. Ila bora wa pili, wa tatu na wa nne hawapatikani kwa mtoano. Mtoano unakupa mmoja tu, na wengine 64 unawaacha na kipigo cha mwisho bila kusema walikuwa wazuri kiasi gani.

Wachezaji hao wote hawakulipwa mshahara. CBS ilikuwa na mkataba wa dola bilioni 6 kwa miaka 11 kuonyesha mashindano yale. Mchezaji alipata masomo, chakula na malazi. Ruhusa ya kuingiza pesa kwa jina na sura zao wenyewe ilikuja Julai 2021, miaka 12 baadaye. Kwa hiyo mtu akiuliza kwa nini Thabeet hakubaki kwa mwaka wa nne wakati Blair alishamwonyesha anachopungukiwa, jibu la kwanza liko hapo. Mzazi yeyote wa Tanzania analielewa.

Juni 25, 2009, Blake Griffin aliitwa wa kwanza, Thabeet wa pili, akichukuliwa na timu ya Memphis. James Harden wa tatu. Jonny Flynn, yule wa dakika 67, wa sita. Curry wa saba. Blair, aliyemrusha Thabeet mgongoni, alishuka hadi nafasi ya 37 kwa sababu ya wasiwasi juu ya magoti yake. Thabeet alicheza mechi 224 za NBA katika misimu mitano, wastani wa pointi 2.2. Kule alikutana na sheria ya sekunde tatu, mstari wa mita 7.24, na watu wazima wenye miili kama ya Blair kila usiku badala ya mara mbili kwa mwaka. Ukilinganisha orodha ile leo ni rahisi kusema Memphis walikosea. Huenda. Lakini kosa la kuchagua ni la mwenye kuchagua, na halifuti mitupo 417 aliyoizuia UConn kwa miaka mitatu, idadi ambayo katika historia ya chuo kile ilikuwa nyuma ya Emeka Okafor peke yake.

Miaka miwili baada ya Detroit, UConn walimaliza msimu wa ligi wakiwa wameshinda 9 na kufungwa 9. Kemba Walker sasa alikuwa mkubwa. Walikwenda Madison Square Garden, wakashinda mechi tano katika siku tano na kuchukua mashindano ya Big East, kisha wakashinda sita mfululizo na kuwa mabingwa wa taifa wa 2011. Timu hiyo ilikuwa imefungwa mara 9 kwa jumla. Ya Thabeet ilifungwa mara 5.